Jumamosi Saluni Iliponyamaza

9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza, ingawa nina maneno yananiwasha mdomoni. Hujambo? Mikono yako imepona ile mipasuko ya sabuni? Paka mafuta ukienda kulala halafu uvae soksi mikononi. Usinicheke, nimeambiwa na mteja wangu nesi. Huku sote wazima. Goti langu la kushoto linalia kama mlango mbovu lakini linanifikisha niendako. Binti yako mzima, anakula, analala, haongei, yaani yuko vile vile ulivyomwacha. Wateja wamempa jina, wanamwita Bi Kimya. Unakaa naye mchana kutwa unaona kama umekaa na kabati.

Haya, sasa kaa vizuri. Pale saluni kwangu siku hizi kuna shule.

Ilianza hivi. Alikuja mama mmoja kusuka, zile ndogo ndogo zinazokula siku nzima, kaja na binti yake anayesoma uhandisi chuo kikuu. Huyo binti kichwa kakinyoa chote, kinang'aa kama yai. Nikasema moyoni, hapa sina changu. Akakaa kwenye lile benchi refu kumsubiri mama yake. Na unajua benchi lile jioni ni la watoto: binti yako, mapacha wa muuza mboga, yule mtoto wa fundi mwashi, na wengine wanaotoka huko nyuma ya karakana. Wanakuja kwangu kwa sababu nina taa, na makwao hakuna pa kuweka hata daftari. Wanafanya hesabu za shule. Yaani mmoja anafanya, wengine wananakili, na huyo anayefanya mwenyewe anabahatisha.

Yule binti akamuuliza pacha mmoja, kwa nini jibu lako ni hili? Mtoto akamwambia kwa sababu mwenzangu ndilo alilopata. Binti wa watu akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasimama, akachukua rangi yangu ya midomo, ile nyekundu ninayoipenda, akaanza kuandika sehemu na desimali kwenye kioo. Kwenye kioo changu, mdogo wangu. Nilifungua mdomo nimtolee uvivu, lakini nikaona watoto wote wamegeuka wanatazama, hata binti yako, nikaufunga.

Tangu siku ile anakuja kila jioni, na wenzake wawili watatu wa chuo hupokezana naye. Nimemwita Mwalimu Kipara na ameitika. Hataki malipo. Anasema yeye naye alitoka nyumba isiyo na meza, mtu akamshika mkono, basi na yeye anashika wa wengine. Mwalimu wa hesabu wa pale shuleni simlaumu, darasa limejaa mpaka madirishani, atamfikia nani?

Lakini huyu Kipara ana namna yake ya kufundisha, sijapata kuiona. Kila mtoto anapewa mteja. Mteja anasukwa, hawezi kukimbia, nusu ya kichwa iko tayari na nusu iko timtim. Mtoto anakaa mbele yake anamweleza hesabu hatua kwa hatua, na hakuna kuandika jibu mpaka mteja aseme nimeelewa, tena aieleze yeye kwa maneno yake. Mteja akidanganya ili aachwe apumzike, Kipara anamkamata. Saluni imekuwa kama soko. Huku pembe tatu, huku asilimia, na mimi katikati na chanuo. Nina raha, sikufichi.

Dada yako


26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono inaendelea vizuri, soksi nimevaa na mwenzangu wa chumbani kanicheka. Pole na goti.

Nimefurahi watoto wana pa kusomea. Lakini dada, wewe ukifurahi unafurahi kwa wote mpaka kwa watu wasiohusika, kwa hiyo acha mimi niseme la kwangu. Binti mwaka jana alifeli hesabu, akafeli vibaya, ndiyo maana anarudia. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kuna mama anastaafu mwisho wa mwaka, na msimamizi amekubali kunishikia nafasi yake kwa ajili ya mwanangu. Nafasi hizi hazipatikani, watu wanazipigania. Akifaulu hesabu, aendelee na masomo, sitatia neno. Akifeli, anakuja huku tufue mashuka pamoja. Si adhabu. Ni kazi, mimi imenilisha na yeye itamlisha. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na u hali gani? Kifua? Mvuke wa zile pasi kubwa usiuchezee. Sisi wazima. Fundi cherehani wa jirani amerudiana na mumewe, lakini hilo nitakueleza kwa utulivu siku nyingine, lina matawi.

Nilimwambia binti yako neno lako la chumba cha kufulia, kama ulivyosema, bila kupamba. Alinyamaza. Sasa kwake huyo huwezi kujua kama kanyamaza kwa kuumia au kanyamaza tu kama kawaida. Lakini kesho yake alimfuata Kipara akamwomba mteja mgumu.

Mgumu kwetu ni mmoja, Mama Mkaa. Yule anayeuza mkaa pale kona, mwanamke wa mabega. Huyo ukimwambia jua limetoka anatoka nje kuhakikisha. Watoto wote wanamkwepa kwa sababu hajawahi kumwambia hata mmoja nimeelewa. Pacha mmoja alimweleza uwiano mpaka akalia.

Basi binti yako kapewa Mama Mkaa, na hesabu yenyewe ni ile ya hasi mara hasi inakuwa chanya. Mama Mkaa kakataa kwanza, kabla hata mtoto hajamaliza. Anasema wabaya wawili wakikutana lini wakawa mtu mwema mmoja? Saluni nzima ikamwunga mkono, na mimi nikiwemo, kwa sababu kweli hilo jambo halikuniingia. Binti yako kwa ile sauti yake ya mbu anasema ndiyo kanuni, mama. Mama Mkaa anamwambia kanuni ya kwenu, mimi nipe sababu.

Nilimwonea huruma, nikataka kuingilia. Kipara akaniambia kwa jicho, tulia.

Mtoto katazama chini, katazama kioo, katazama kile kiti changu cha kuzunguka alichokalia Mama Mkaa. Mara akakishika kwa nyuma. Akasema kwa sauti, mdogo wangu, sauti ambayo sikujua anayo: "Hasi ni kugeuza, mama. Sasa hivi unatazama kioo. Nikikugeuza mara moja?" Akakizungusha. Mama Mkaa akasema natazama mlango. "Nikikugeuza tena?"

Mama Mkaa akajikuta anajitazama kwenye kioo. Halafu akaomba azungushwe tena, na tena, yule mama na ule ukubwa wake, kiti kinalia, nywele upande zimesimama. Mwisho akasema, "Nimeelewa. Na anayebisha aje nimgeuze mimi." Wateja walipiga vigelegele, mmoja akatoka na rangi mbichi kichwani kwenda kuwaambia wa nje.

Na tangu siku hiyo binti yako anaongea. Anaongea hesabu tu, tusijidanganye, lakini anaongea. Nikimwambia niletee maji ananiuliza ujazo.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Kifua kizima. Habari za goti?

Hiyo ya kiti niliisoma wakati wa mapumziko, nikasimama nikajigeuza mara mbili katikati ya mashine ili nione. Msimamizi akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nikamwambia hapana, ni hesabu za mwanangu. Akanitazama kwa huruma.

Vizuri. Lakini cha kunionyesha ni mtihani, si kiti.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na umekaa, usisome hii umesimama karibu na pasi. Sisi tuko, afya zipo, ila leo kalamu ni nzito.

Watoto wamefanya mtihani wa majaribio. Hesabu walizijua, hilo ulishike kwanza. Kipara aliuona mtihani baadaye, akasema hakuna swali hata moja ambalo hawajawahi kumweleza mteja. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba watoto hawa hawajawahi kufanya hesabu wakiwa wamefunga mdomo. Tangu Januari wanaongea. Basi wameingia chumba cha mtihani, kimya kama msibani, mara mtoto wa fundi mwashi akaanza: sasa mama, tazama hapa. Anamwambia nani? Hewa. Mapacha nao wakadakia, kila mmoja na mteja wake asiyeonekana. Na binti yako, yule yule Bi Kimya, alipofika katikati ya karatasi akauliza kwa sauti, umeelewa, mama, au nirudie?

Msimamizi wa mtihani alidhani wanapeana majibu. Akakusanya karatasi zao wote, akawatoa nje. Wamepewa sifuri. Na wameambiwa ikitokea hivyo kwenye mtihani wenyewe, watafutwa moja kwa moja.

Nilicheka kwanza, nisamehe, nilidhani wananitania. Halafu nikamwona binti yako amekaa kwenye ngazi ya saluni anaangalia viatu, kicheko kikanikauka. Kipara alikwenda kwa mkuu wa shule kuwatetea. Mkuu alimsikiliza vizuri, akasema haamini kuwa wameiba, lakini chumba cha mtihani ni chumba cha mtihani.

Usikasirike na mtoto. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, ni saluni yangu.

Dada yako


15 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sijakasirika na mtu. Lakini sifuri ya kuongea na sifuri ya kutojua, kwenye karatasi zinafanana. Mtoto aliyezoea miezi yote kuongea utamnyamazisha vipi kwa miezi iliyobaki? Na tena akiwa nyumba moja na wewe, dada, samahani.

Nimemwambia msimamizi aandike jina la binti kwa ajili ya ile nafasi. Mtihani afanye, amalize alichoanza. Lakini anza kumfungia vitu vyake polepole.

Mdogo wako


8 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani wewe na jina lako uliloandikisha? Mimi goti limeamua kunisamehe, naenda mbio kama msichana. Sikufunga kitu chochote, nakuambia mapema. Begi liko juu ya kabati na buibui wake.

Sasa sikiliza nilivyoteseka.

Kipara hakuvunjika moyo hata kidogo. Alisema watoto hawana kosa la hesabu, wana kosa la mdomo, na mdomo unafundishika. Akawaambia mteja yule yule wamchukue, ila wamwingize kichwani, wamweleze humo ndani kwa ndani na midomo imefungwa. Akajaribu nao kwenye saluni, haikuwezekana. Mtoto akijaribu kunyamaza, mimi nasema neno, mteja anajibu, mtoto anasahau anaanza kueleza. Kipara akaniita pembeni kwa adabu zote. Akaniambia watoto watanyamaza siku saluni itakaponyamaza. Tena akataka iwe Jumamosi, siku watu wamejaa, ili wajifunze katikati ya watu.

Mdogo wangu, unanijua. Mimi nikilala naongea. Lakini nilikubali.

Tukabandika karatasi mlangoni: LEO TUNASUKA KIMYA. Nusu ya wateja walidhani kuna msiba. Mama Mkaa alijitolea kusimama mlangoni, kila anayeingia anawekewa kidole mdomoni, si chake, cha Mama Mkaa, chenye mkaa. Watoto wakajipanga kwenye benchi, kila mmoja na karatasi ya maswali, Kipara na saa mkononi. Na mimi, kwa kujua tabia yangu, nikajaza pini za nywele mdomoni, nikazibana kwa meno.

Mwanzo ilikuwa rahisi. Nikasikia feni. Miaka yote hii sikujua feni yangu ina mlio. Halafu, kama shetani kapangiwa zamu, akaingia yule dada muuza vitambaa, kakimbia mpaka jasho, akamnong'oneza mteja wangu sikioni kwamba fundi viatu ameonekana leo asubuhi akishusha mizigo ya mwanamke. Mwanamke gani? Kanong'ona jina upande wa pili, sikulisikia. Mteja wangu macho yakamtoka. Mimi nimesimama na msuko mkononi, pini mdomoni, swali limenijaa kifuani mpaka machozi yakanitoka. Nikauliza kwa nyusi. Yule dada akatikisa kichwa, akanionyesha karatasi ya mlangoni, akaondoka zake. Sikuongea. Jua lilizunguka likatoka dirisha la mbele likaingia la nyuma, na sikuongea.

Na watoto hawakuongea. Mtoto wa fundi mwashi alijishika mdomo kwa mikono miwili, anaandika anashika, anaandika anashika. Mapacha walikaa wamepeana mgongo. Binti yako ndiye aliyenishangaza. Midomo imetulia tuli, lakini uso unaongea, anainua kichwa kidogo kama anamsikiliza mtu, anatabasamu, anarudi kwenye karatasi anafuta, anaandika upya. Kipara alipozikusanya zile karatasi akasahihisha pale pale, saluni nzima imemzunguka. Walikuwa wamepata, mdogo wangu, wote, na wa kwako kuliko wote. Ndipo nikatema pini. Nilivyolipuka hapo, hata sijui nilisema nini, nilisema vyote.

Wakati tunafagia nikamwuliza binti yako, wewe mteja uliyemwingiza kichwani ni nani, Mama Mkaa? Akasema hapana. Akafagia kidogo. Akasema, "Ni mama. Mama hakubali upesi. Akikubali yeye, najua nimepatia."

Nimekuandikia alivyosema, sijaongeza wala kupunguza.

Dada yako


20 Oktoba

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Barua yangu ya Septemba haikujibiwa. Kama ni posta, nisamehe. Kama ni wewe, sema. Sisi wazima, na mtihani wa hesabu wamefanya jana.

Niliwasindikiza mpaka kwenye lango na chanuo nimelisahau kichwani. Mama Mkaa alifunga biashara akaja, wateja watatu wakaja, mmoja kasukwa nusu. Kipara alikuja na shati la heshima. Wakaingia. Sisi tukasimama nje ya ukuta na hakuna aliyesema neno, hakuna aliyetuambia tunyamaze, tulijikuta tu. Walipotoka nikamwuliza binti yako vipi. Akasema hakutolewa nje. Nikasema na hesabu? Akasema alizieleza zote. Nikamwuliza, na mteja alielewa? Akacheka, akakimbilia wenzake.

Nijibu, tafadhali. Hata kama ni kunikatalia, nijibu.

Dada yako


2 Desemba

Mdogo wangu,

Leo nakuruka salamu, utanidai nikikuona. Amefaulu.

Amefaulu hesabu. Si kwa kuchechemea, kwa alama nzuri kabisa, ameitwa kuendelea na masomo ya sayansi. Mapacha wamefaulu wote wawili. Mtoto wa fundi mwashi amepita kwa tundu la sindano lakini amepita, baba yake ameacha ukuta wa watu umesimama nusu akaja kunikumbatia na saruji yake yote. Kipara aliposoma majina ubaoni alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na nguo zake za chuo. Mama Mkaa alitaka msimamizi wa ubao amhakikishie mara ya pili.

Saluni haifanyi kazi leo, inapiga kelele. Mtu akija kusuka anaambiwa arudi kesho. Watoto wapya wameshakuja kukaa kwenye benchi, nimewaambia wasubiri, mwalimu analia kwanza.

Ile nafasi ya kufulia, mdogo wangu, nakuomba. Ulisema akifaulu hutatia neno.

Dada yako


12 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo dada, shikamoo tena. Mimi mzima, mzima sana. Barua nimeisomea chumba kizima, na mashine zilizimwa ili wasikie.

Barua ya Septemba ilinifika. Niliisoma kwenye ngazi za nyuma tunapoanika mashuka. Nilipofika pale ulipomwuliza ni nani aliyemwingiza kichwani, nilirudi nikasoma tena, halafu nikaikunja nikaenda kwa msimamizi nikamwambia afute jina. Akaniuliza kama matokeo yametoka. Nikamwambia hata mtihani bado. Akasema wewe mama, hii nafasi ukiiachia haitarudi, na mtoto akifeli je? Nikamwambia akifeli atarudia tena. Siwezi kukaa kichwani mwa mwanangu namsikiliza anieleze, na huku mkononi nina jina lake la kuja kufua. Nafasi kapewa dada mmoja wa jikoni, kaanza kazi wiki iliyopita, anapiga pasi vizuri.

Sikukujibu kwa sababu ningekuambia ungemwambia. Usikatae. Na mimi nilitaka aingie kwenye mtihani ule akidhani bado sijakubali.

Sasa mwambie nimekubali.

Mdogo wako